Garimoshi la Mvuke Nyanda za Kapiti: Kwanza Tuulizane ni la Mwaka Gani

Kuna watu hutoka kwao Uingereza, Ujerumani na Marekani, wakapanda ndege, wakalala kambini, wakaamka saa tisa za usiku jogoo hajajinyoosha, na shughuli yenyewe si simba wala si mlima. Wamekuja kupiga picha ya garimoshi la mvuke likipita penye jua la asubuhi. Wakishaipata picha hiyo garimoshi hurudishwa nyuma, likapitishwa tena, na tena, na mpita njia asiyejua jambo huapa kwamba watu hawa wamerogwa.

Usicheke upesi, msomaji. Shughuli hii ina wenyewe na ina kanuni zake. Mashabiki ishirini au thelathini huchanga fedha zao wakakodi garimoshi zima, injini na mabehewa na wafanyakazi wake, si kwa kusafiri bali kwa picha tu. Na sharti lao ni moja: picha ikitoka, ionekane kama ilipigwa zamani, siku ya kazi ya kawaida, wakati garimoshi hilo lilipokuwa likienda kwa haja zake na hapana aliyekuwa akilitazama. Asionekane mtu mwenye simu mkononi. Usionekane mtungi wa plastiki, wala mlingoti wa simu, wala gari la jana barabarani. Kwa ufupi wanataka uongo mmoja uliotengenezwa kwa vitu vya kweli vitupu.

Sasa, ukimwuliza mjuzi wa mambo haya ni wapi katika nchi zetu pangefaa kwa kazi hiyo, hatakuelekeza Mombasa, ingawa reli ilianzia kwetu. Atakupeleka bara, Machakos, kwenye zile nyanda za Athi na Kapiti ambako reli hukata majani makavu kutoka Mto Athi mpaka Konza. Pale upeo wa macho uko wazi. Twiga na swala bado wapo. Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kilimanjaro huonekana upande wa kusini, na upande wa magharibi vilima vya Ngong. Na zaidi ya hayo kuna mlima wa reli wenyewe, nao ndio siri kubwa; nitaueleza mbele.

MJI ULIORUKWA

Wengi hudhani garimoshi lilipita Machakos mjini. Halikupita. Machakos ulikuwa mji wa serikali bara kabla ya Nairobi kuwa chochote, na kabla ya serikali misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipita Ukambani na kununua chakula huko. Lakini wahandisi wa Reli ya Uganda, walioanza kulaza chuma Mombasa mwaka 1896, walifuata tambarare wakauacha mji vilimani upande wa kulia. Mwaka 1899 reli ikafika Nairobi, na makao makuu ya serikali ya jimbo yakahamia huko mwaka huo huo. Wakati wa kujenga waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na katika hao karibu 2,500 walikufa. Desemba 1901 chuma kikafika ziwani, Kisumu.

Hata hivyo wilaya ya Machakos, ile ya zamani kabla ya Makueni kutengwa mwaka 1992, ilikuwa na sehemu ndefu ya reli hiyo kuliko wilaya nyingi. Ndani yake ulikuwemo mji wa Sultan Hamud, ambao watoto wetu hulitaja jina lake bila kujua kwamba ni jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Reli ilipoondoka pwani ilikuwa ikipita katika ukanda uliokuwa bado ni milki ya Sultani kwa jina, na jina lake likasafiri mpaka Ukambani likakaa huko hata leo.

INJINI MBILI

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimesimama injini za mvuke za kila umri. Mbili zinahusika na habari yetu, nazo ni Mount Gelai na Nyaturu.

Mount Gelai, namba 5918, ni ya lile kabila la 59, nalo ni kabila la mashujaa. Ziliundwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Ziliitwa Garratt kwa namna ya muundo wake: boila moja kubwa imening'inizwa katikati, na chini yake, mbele na nyuma, zipo injini mbili kamili, kila moja na pistoni zake. Urefu wake ni futi 104, uzito wake karibu tani 252, magurudumu yake 28, na katika hayo 16 ndiyo ya kuvuta. Hakuna injini za mvuke zilizozidi hizo kwa ukubwa katika reli zote za upana wa mita moja duniani. Kazi yake ilikuwa kuupandisha mzigo wa tani 1,200 kutoka usawa wa bahari mpaka Nairobi, na wazee wa Mombasa waliokaa karibu na njia watakuambia kwamba ilipopita usiku hata vikombe kabatini vilizungumza.

Nyaturu, namba 3020, ni mtoto mbele yake. Hii ilitoka Glasgow, kiwanda cha North British, miaka hiyo hiyo ya hamsini, na wenzake wote walipewa majina ya makabila. Ni nyepesi, huenda mpaka katika reli dhaifu, na nyuma yake huburuta tenda ya maji na mafuta. Injini hizi mbili ndizo zilizofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikawashwa moto tena na kuvuta magarimoshi maalumu ya wapenzi wa mvuke. Kwa hiyo habari hii si ndoto ya mtu aliyelala mchana. Ilikwisha kufanyika.

Lakini boila haijali heshima ya jana. Mwenye kutaka kuiwasha leo lazima aanze na fundi, si na mpiga picha. Boila ya Mount Gelai hufanya kazi kwa nguvu ya ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, na kabla ya kuipa moto hujazwa maji baridi ikasukumwa kupita kiasi hicho, ili kama kuna mahali palipolika ivuje maji na si kuua watu. Mabomba ya ndani yakaguliwe moja moja. Halafu njia yenyewe: Mount Gelai hukandamiza reli kwa tani 21 kila ekseli, na taruma lililooza halitamhurumia mtu kwa sababu amelipa kwa dola. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwisho wa Mei 2017, magarimoshi ya abiria ya Nairobi na Mombasa yamehamia huko, na njia yetu ya zamani haipati tena matunzo ya njia kuu. Ikiwa Shirika la Reli litasema chuma hakitaihimili, basi achukuliwe Nyaturu na mambo yaendelee.

MWAKA GANI?

Hapa ndipo mashabiki wengi hupotea, na ndipo mimi ninapotaka tukae kidogo.

Watu wakisema wanataka garimoshi la zamani la Kenya lenye sura ya kweli, akilini mwao huja picha moja: Mzungu mwenye kofia ngumu ya jua, bibi aliyevaa gauni refu jeupe, masanduku ya ngozi, na Mwafrika aliyebeba masanduku hayo. Picha hiyo imetoka katika sinema. Mwaka 1985 ilipopigwa Kenya ile sinema ya Out of Africa, ambayo hadithi yake huanza 1913, hapakuwa na injini ya mvuke iliyokuwa tayari kufanya kazi. Mafundi wakaunda ganda la injini, wakachoma mipira ya magari ndani yake ili moshi utoke, na injini ya dizeli ikasukuma kutoka nyuma. Injini ilikuwa ya uongo, ila nguo zilikuwa za wakati wake.

Mwenye kuiweka Mount Gelai penye nyanda za Kapiti na kuwavika watu kofia za jua za mwaka 1913 amefanya kinyume chake: injini ni ya kweli, mwaka ni wa uongo. Mount Gelai haikuwako 1913. Ilizaliwa wakati Kenya iko katika hali ya hatari, ikapata Uhuru ikiwa kijana wa miaka minane tu, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi iliipitisha chini ya bendera huru. Injini za 59 ziliondolewa kazini kuanzia 1973 hadi 1980. Yaani mtu akichagua injini hii, historia imekwisha kumchagulia miaka: ni kati ya 1955 na 1980, na hapana ujanja.

Na katika miaka hiyo bado kuna kuchagua. Ukichukua 1956, kwa kuwa unataka ukweli, basi uchukue wote. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Mwafrika alisongamana katika la tatu, juu ya mbao. Mwenye kupanga picha ya 1956 akaonyesha watu wote wakicheka katika behewa moja amedanganya vibaya kuliko aliyesahau mlingoti wa simu. Na akionyesha mambo yalivyokuwa, ajue anawaomba watu wa Konza na Athi wavae unyonge wa babu zao asubuhi nzima ili wageni wapate picha nzuri. Sidhani kama kuna malipo ya kazi hiyo.

Shauri langu ni mwaka 1972. Mwaka huo Reli za Afrika Mashariki bado ni moja, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, na maandishi yake yamo ubavuni mwa mabehewa kutoka Kampala mpaka Dar es Salaam. Jumuiya haikuvunjika mpaka 1977. Injini ni nyekundu iliyoiva, rangi ya damu ya mzee. Waafrika wameshika usukani, ingawa garimoshi lenyewe halina usukani. Stesheni masta amevaa sare yake iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa. Abiria ni watu wetu: mzee wa kanzu na kofia ya viua arudiye pwani kutoka kumwona mwanawe Nairobi, mama wa Kikamba na kapu la maembe, kijana wa suruali pana chini na nywele kubwa, mwanafunzi na sanduku la bati, mwanamke wa buibui na mtoto usingizini. Ni wakati ambao walio hai wanaukumbuka, kwa hiyo ukikosea watakusahihisha. Na hiyo ndiyo faida yake.

Nguo hizo si ngumu kuzipata. Mabibi zetu hawatupi kitu. Taabu ni vile vitu vidogo vinavyoingia picha bila kuitwa. Kapu liwe la ukili, si mfuko wa plastiki. Maji yawe katika debe la bati au chupa ya kioo. Viatu vya mpira vya rangi rangi vikae nyumbani. Miwani isizidi kuwa ya kisasa. Na kibao cha stesheni kiandikwe upya namna ya zamani, jina na chini yake kimo cha mahali pale kwa futi juu ya bahari.

JUA NA MLIMA

Sasa tuje kwenye ile siri ya Machakos niliyoahidi.

Garimoshi la mvuke halina uzuri likiteremka. Dereva hufunga mvuke, moshi hukatika, na injini hupita kimya kama mtu anayekwenda kununua sigara. Uzuri wake huonekana likipanda, pale kila pigo la pistoni linaposikika dohanini na injini nzima ikaonekana kama inafikiri kwa sauti. Basi mpangaji hutafuta mlima kwanza. Na kutoka Mto Athi kwenda Konza reli hupanda, ingawa unaelekea Mombasa, ambako mtu angedhani ni kuteremka tu mpaka baharini.

La pili ni jua. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta jua hupaa upesi mno, na likishafika saa tatu na nusu limekaa juu ya kichwa, magurudumu yote yameingia gizani na injini imekuwa donge jeusi. Picha ni saa moja asubuhi hadi saa tatu, halafu saa kumi alasiri hadi jua kuchwa. Zaidi ya hayo ni kulala na kula.

Yaunganishe mambo hayo mawili. Kutoka Athi hadi Konza reli huelekea kusini mashariki. Majira ya kaskazi, Desemba na Januari, jua huchomoza upande wa mashariki ukielemea kusini. Kwa hiyo garimoshi la asubuhi liendalo Mombasa hupata mwanga usoni na ubavuni wa kushoto kwa wakati mmoja, na papo hapo linapanda mlima! Ukija wakati wa kusi, Juni na Julai, jua limehamia kaskazini. Asubuhi huangaza ubavu tu na uso wa injini unabaki kivulini, na mara nyingi halionekani kabisa kwa sababu bara miezi hiyo hufunikwa na mawingu mazito ya baridi mpaka adhuhuri. Kusi ina sifa moja, nayo ni kwamba katika baridi mvuke hutoka mweupe na mnene kama pamba, hali wakati wa joto huyeyuka mara moja. Wapiga picha wamegombana juu ya jambo hili tangu kamera zilipozuliwa. Mimi ningechukua Januari yenye jua.

Ratiba yake basi ni hii. Injini huwashwa jana yake, maana boila kubwa kama ile haipashwi moto kwa pupa. Chuma kikivutwa na joto upesi hupasuka. Garimoshi huondoka Nairobi usiku wa manane na kuwa Mto Athi kabla ya alfajiri. Wapiga picha hushushwa mahali palipochaguliwa mashariki ya njia, wakajipanga mstari mmoja, na adabu ya mstari huo ni kali kuliko ya sala ya jamaa: hapana kutangulia mbele hata hatua moja, maana atakayetangulia ataonekana katika picha za wote. Garimoshi hurudi nyuma nusu maili. Gadi hupeperusha bendera. Dereva hupiga honi na kuja kwa nguvu zake zote, hupita, husimama mbali kule, hurudi. Kwa asubuhi moja mwaweza kufanya hivyo mara sita au saba, mkihama kutoka daraja hadi kona, na kila mara lazima stesheni mbili za pande zote ziwe zimekubaliana kwamba njia ni ya garimoshi hili peke yake. Reli mpya, ambayo mahali pengi huenda jirani na ile ya zamani kwa nguzo zake za zege, haina budi kuachwa nyuma ya kamera. Hili halipangwi kwa ramani. Mtu aende kwa miguu, wiki mbili kabla, saa ile ile ya asubuhi.

Mabehewa nayo yana hesabu yake. Injini ya kuvuta tani 1,200 ukiifunga mabehewa manne ni kama kumfunga ngamia kigari cha mtoto. Kama hakuna mabehewa ya kutosha ya zamani, basi picha ipigwe penye kona au mkato wa kilima, mkia wa garimoshi usionekane, na mtazamaji ajazie mwenyewe. Mwisho kabisa lipatikane behewa la gadi. Garimoshi la mizigo la 1972 bila gadi nyuma ni kanzu bila tarizi.

MOSHI NA MAJI

Wageni hupenda moshi mweusi. Huomba moshi, hulipia moshi, na dereva asiyetoa moshi humwona mvivu. Lakini ukimkalisha mzee aliyefanya kazi katika injini za 59 akakueleza, utasikia mambo mengine. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, si kuni wala makaa, na moshi mweusi maana yake mafuta hayaungui yote. Ni fedha ya shirika inapotea angani, na mchochea moto aliyetoa moshi hivyo bila sababu aliitwa ofisini kujieleza. Kazi safi ilikuwa ukungu mwepesi wa kijivu juu ya dohani. Wakati mmoja tu moshi mweusi ulikuwa halali: mchochezi alipotupia mchanga ndani ya moto ili usugue masizi katika mabomba, ndipo wingu jeusi lilipotoka kubwa, likaisha. Basi mwenye kudai ukweli apigie picha ukungu wa kijivu, na kama roho haimtulii, ampe mchochezi ndoo ya mchanga mara moja, asidai zaidi.

Suala la maji ni zito kuliko moshi. Matangi ya Mount Gelai hubeba galoni 8,600. Kwa hesabu ya nyumbani hayo ni madebe 2,150. Zamani kulikuwa na matangi ya maji katika stesheni, na injini ilikunywa kama ng'ombe kisimani. Mvuke ulipoondoka na matangi hayo yakakosa kazi, kwa hiyo leo maji yatakuja kwa malori. Yatoke wapi? Nyanda hizi ni kavu. Januari, mwezi ule ule niliousifu kwa jua lake, ni mwezi ambao akina mama wa Ukambani wanatembea mbali na punda wao kutafuta maji. Lori la maji likipita mbele yao, likaenda kumiminwa ndani ya chuma ili watu thelathini wapige picha, na maji yote yakapaa angani, sioni ni uso gani wa kuwatazama nao.

Waandaaji watasema maji yamelipiwa. Sawa. Lakini maji ya kisima cha watu hayawi yako kwa kuwa umeyalipia kwa mtu mmoja. Maji ya injini yaletwe kutoka Nairobi, yasichotwe Machakos hata debe moja. Na kwa kila lori la injini, lori la pili lende katika shule au zahanati iliyo karibu na mahali pa picha, na gharama yake iandikwe ndani ya nauli ya kila mpiga picha tangu mwanzo. Mtu aliyenunua kamera ya bei ile hatashindwa na debe mia.

WENYE KUJUA

Yote niliyoyataja, mabehewa, nguo, rangi, hata boila, fedha yaweza kuyaleta. Kisichonunuliwa ni mkono wa dereva. Aliyekuwa kijana wa miaka 25 mwaka 1980, injini za mwisho za 59 zilipozimwa, leo amekwisha pita sabini. Wengi wao ni majirani zetu hapa Mombasa: wazee waliokaa katika nyumba za reli, wakastaafu, ambao husikiliza honi ya mbali wakajua ni ya nani. Mvuke haukufundishwa kwa kitabu. Mtu alianza kwa kusafisha injini kwa matambara na mafuta, akapanda kuwa mchochezi, na baada ya miaka mingi ndipo akapewa kushika mpini wa mvuke. Akiondoka mmoja huondoka na hayo yote.

Jirani zetu wa Eritrea walilitambua hili mapema. Reli yao ya kutoka Massawa, bandarini, hadi Asmara juu milimani, kilomita 118, iliharibiwa kabisa na vita. Vyuma na mataruma yaling'olewa kujengea mahandaki. Baada ya uhuru serikali iliwaita wafanyakazi wa zamani, wazee waliokwisha staafu zamani, wengine wakiwa na zaidi ya miaka sabini. Wakaja. Wakaokota reli moja moja, wakafufua injini za Kitaliano za miaka ya thelathini, na mwaka 2003 garimoshi likafika Asmara. Walioleta fedha za kigeni baadaye kwa kukodi magarimoshi hayo walikuwa hawa hawa mashabiki wa picha tunaowacheka. Na kule Jordan, nchi iliyopitiwa na ile Reli ya Hijaz iliyojengwa kwa michango ya Waislamu na kufika Madina mwaka 1908, garimoshi la mvuke limekuwa likitolewa jangwani Wadi Rum kwa watalii, wapanda farasi wakaigiza kulivamia. Hiyo ya Jordan ni mchezo wa kuigiza. Ya Eritrea ilikuwa kazi, na ndiyo ya kuigwa.

Basi kama garimoshi hili la Machakos litapangwa, watu wa kwanza kuajiriwa wawe wazee hao, nao wasiwekwe kama pambo la kupigwa picha wakitabasamu. Wasimame ndani ya injini kama walimu, kila mzee na vijana wawili kutoka karakana ya Nairobi, na walipwe ujira wa mwalimu. Mafunzo yaanze miezi kabla ya picha. Wanaume hawa wataleta na mambo ambayo kamera haiyaoni. Mathalan kila dereva wa njia ile alijua kwamba akifika Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, yule mtu mwema kutoka Punjab aliyefanya kazi ya ujenzi wa reli, na ambaye husimuliwa kwamba karai lake la udongo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa, dereva hupunguza mwendo na kupiga honi kwa heshima, awe Mwislamu au asiwe. Mackinnon Road iko mbali na Kapiti. Lakini garimoshi la 1972 likiondoka Konza kuelekea Mombasa lilikuwa linaelekea huko, na dereva alikuwa na jambo hilo kichwani.

Limebaki jambo la tarehe, ambalo waandaaji wa ng'ambo hawatalikumbuka wasipoambiwa. Ndani ya injini ya 59, mbele ya mlango wa moto, hakuna mtu anayefanya kazi asubuhi nzima bila kunywa maji, na wazee wengi wa pwani tunaowazungumza hawataacha saumu kwa ajili ya picha. Ramadhani ya 2027 inatazamiwa kuandama mapema Februari, na ya 2028 mwisho wa Januari, na kila mwaka itazidi kusogea ndani ya miezi ile ile yenye jua zuri. Kwa hiyo ni Januari mwanzoni, au Desemba vuli ikishakatika, majani ya Kapiti yakiwa bado yana ukijani kidogo. Na siku ya Ijumaa injini ipumzike tangu saa tano, jua lenyewe saa hiyo halifai kitu.